Njoo na Sahani Yako

Shemeki wangu Balagizi alifika kwetu Dzaleka, kambi ya wakimbizi, Jumamosi asubuhi, akiwa na shati jeupe na viatu vyeusi ambavyo vumbi letu halikuvionea aibu. Aliketi kwenye benchi la wateja nje ya kibanda changu cha ushonaji. Akaokota kipande cha kitambaa nilichokuwa nimekitenga kwa mfuko wa suruali ya mtu, akafutia kioo cha simu yake, kisha akasema ametumwa na familia.

Familia ni yeye. Wazazi wa marehemu mke wangu, Fortunée, walifia Bukavu, na katika Malawi yote mtu wa damu yake ni Balagizi peke yake, kaka yake mkubwa. Anauza simu na chaja Chinsapo, huko Lilongwe. Ana kibali cha biashara, kwa hiyo anaishi mjini. Sisi tuko kambini.

"Shemeki, mwaka unaisha," alisema. "Tuondoe kilio."

Nililijua neno hilo linakuja. Kwetu mtu akifa, watu wake wanavaa nyeusi. Mwaka ukitimia, jamaa wanakusanyika, wanaomba, nyeusi inavuliwa, na mjane au mgane anaruhusiwa kucheka tena mbele za watu. Mimi nilivaa kitambaa cheusi kifuani, kimeshikwa na pini. Hakivuliwi na mwenye kukivaa. Kinavuliwa na mtu wa upande wa marehemu.

"Nilifikiri tuombe, tunywe chai," nilisema.

"Chai." Balagizi alilitamka kama mtu aliyeuma kokoto kwenye wali. "Papa Elodie, dada yangu aliishi kama maskini. Hataondolewa kilio kama maskini."

Akaanza kuhesabu kwa vidole. Mbuzi wawili. Wali. Soda, na bia ya wale wasiookoka. Hema na viti vya kukodi. Sono yenye spika kubwa. Na zaidi ya vyote, uniforme: kitenge cha rangi moja kwa familia na marafiki wote, na picha ya Fortunée kwenye fulana za vijana.

"Uniforme utashona we mwenyewe," alisema. "Hapo tunapunguza. Si nyinyi mnapenda kupunguza?"

"Na hivyo vingine tutavipata kwa kitu gani?"

Aliinuka, akaipapasa mashine yangu kichwani kama mtu anavyompapasa mbuzi anayetaka kumchinja. Ni mashine ya miguu, ya chuma cha zamani, kile kizito.

"Hii iko na soko. Kuna mama mmoja wa huko Nathenje anatafuta moja ya namna hii. Anakuja Alhamisi kuiangalia. Ukimaliza uniforme, anaichukua."

"Halafu sisi tutaishi na nini?"

"Bantu ba kambi banaishi tu. Mungu iko."

Mimi si mtu wa maneno mengi, na yule ni mkubwa wa mke wangu. Nikamjibu, "Tutaona, shemeki."

Nyumbani kwetu, tutaona ni hapana iliyovaa nguo nzuri. Mtoto akiomba baiskeli anaambiwa tutaona, naye anajua. Lakini Balagizi ameishi sana katika biashara, na huko tutaona ni mwanzo wa bei. Alinishika mkono kwa mikono yake miwili, macho yake yakalowa kidogo, akaenda kupanda basi.

Jioni binti yangu Elodie alirudi kutoka bombani na ndoo kichwani. Hakuitua.

"Baba, umeuza mashine?"

"Nani kasema?"

"Bomba nzima. Mjomba alipitia kwa pasta, na pasta akamwambia mama pasta. Ulimwambia mjomba nini?"

"Nilimwambia tutaona."

Elodie aliishusha ndoo taratibu, akaniangalia kama mimi ndiye niliye kidato cha tatu na yeye ndiye mwalimu. "Baba. Kwa mjomba, tutaona ni ndiyo."

Fortunée alikuwa na namna yake ya kuishi, na haikutokana na umaskini tu, maana maskini wenzetu wengi hawakuishi hivyo. Maharagwe aliyaloweka tangu jana yake. Aliyachemsha muda mfupi, akaitoa sufuria motoni yakiwa bado magumu, akaifunga kwa blanketi kuukuu, akaitia ndani ya boksi na kwenda zake. Akirudi, yameiva. Jirani yetu Mama Bienvenu alikuwa akisema maharagwe ya nyumba hii yanapikwa na malaika, ndiyo maana hayali mkaa. Chumvi na sabuni alinunua pamoja na wanawake wengine, wakagawana nyumbani. Sukari ilikuwa ya Jumapili. Na nguo za Elodie niliagizwa niziachie upindo mpana kama kiganja, ili zishushwe kila anaporefuka. Upindo huo tuliuita kesho. "Umeacha kesho?" aliniuliza kila nilipoweka mkasi chini, hata kama nguo ni ya mteja ambaye hatarefuka tena.

Watu walimwita bahili. Siku moja mwanamke mmoja alimwambia usoni, hapo bombani, watu wakisikia. Fortunée aliendelea kujaza ndoo yake. "Bahili iko na pesa na anaficha," alisema. "Mi siko na pesa. Nitakuwaje bahili? Unanipandisha cheo bure."

Bahili hagawi. Yeye aligawa. Familia ikifika kambini usiku na watoto wamechafuka kwa safari, sufuria ya kwanza waliyoiona mara nyingi ilikuwa ile yenye blanketi. Alichokataa ni kutumia ili aonekane. Tulikataa pamoja. Hatukufanya ubatizo wa keki. Hatukubadilisha viti kwa sababu jirani kabadilisha. Na siku moja, kutoka katika sukari ambayo hatukunywa na mkaa ambao hatukuchoma, mashine ilikuja nyumbani imefungwa juu ya kabaza, baiskeli ya kukodi. Mwendesha baiskeli alitangulia, na Fortunée alikimbia nyuma yake akiishikilia isianguke, anacheka mpaka kitambaa cha kichwa kikamtoka. Mimi nilikuwa mlangoni. Kabla ya hapo nilikuwa nashona kwa mashine ya mtu, na nusu ya kazi yangu ilikuwa yake.

Mashine hiyo ndiyo Balagizi aliyoipapasa.

Jumatatu nilipanda basi kwenda Lilongwe. Nilimkuta Chinsapo, kwenye meza yake ya chaja, nyuma ya milio ya simu za majaribio. Aliponiona alimwachia jirani meza, akanipeleka nyumbani kwake. Mkewe, Spès, alinipa kiti na Fanta, akabaki amesimama karibu na pazia.

"Umekuja kwa ajili ya rangi ya kitenge," alisema Balagizi.

"Nimekuja kwa ajili ya tutaona. Nilikosea kusema. Nilitaka kusema hapana. Mashine haiuzwi."

Alicheka, lakini si kwa furaha. "Hapana kwa kitu gani? Kwa uniforme? Kwa mbuzi?"

"Kwa yote. Yeye hakuishi hivyo."

"Njo hiyo tu mnajua kusema. Hakuishi hivyo." Alisogeza kiti chake mpaka magoti yetu yakakaribiana. "Shemeki, siku ya mazishi nilifika mmeshafukia. Sikutupa hata udongo mmoja. Bantu ba Bukavu baliniangalia, mi kaka yake, na viatu vya mjini, sina hata udongo mkononi. We unajua hiyo?"

"Najua."

"Alipokuwa mgonjwa, aliniomba kitu?"

"Hakukuomba."

"Na mbele ya hapo? Miaka yote? Nilimwambia, Fortunée, nitakuletea televisheni. Akasema hapana. Nitakuletea godoro. Akasema liko, la zamani liko sawa. Kila kitu, hapana, hapana. Kama vile mi si kaka yake. Hakuniomba kitu hata mara moja, na inaniuma, Papa Elodie. Inaniuma hapa."

Alikuwa anasema kweli. Sikuwahi kufikiri kwamba mtu anaweza kuumizwa na mwanamke asiyeomba. Fanta ilikuwa inapoteza gesi yake mkononi mwangu. Pazia lilisogea, Spès alikuwa anafuta macho.

Lakini mashine ilikuwa bado ni mashine.

"Nimekusikia," nilisema. "Na unataka kumpa kitu sasa. Basi mpe cha kwako, shemeki. Mashine aliinunua yeye. Ukiiuza umfanyie karamu, ni yeye analipa. Amekufa, na bado analipa."

Uso wa Balagizi ulikunjamana. Alisimama, akakunja mikono.

"Sawa. Weka mashine yako. Lakini nikuulize jambo moja. Hicho kitambaa kifuani, nani atakitoa? Utakivua mwenyewe kama mtu asiye na wakwe? Nimeshawaalika bantu. Bila uniforme, bila kuwalisha vizuri, mkono wangu haugusi pini hiyo. Utazeeka nacho."

"Tutaona," nilisema. Safari hii alielewa.

Mama wa Nathenje alifika Alhamisi kama ilivyopangwa, maana Balagizi hakumwambia kitu. Alikuja kutoka barabara kuu juu ya kabaza, mwanamke mpana mwenye miwani, akajitambulisha kuwa ni Mayi Nambewe. Kabla sijasema neno alikuwa ameketi kwenye kiti changu. Alikanyaga mashine bila uzi, akainamisha sikio, akasikiliza. Tulizungumza Kichewa, changu kimevunjika, lakini kinatembea.

"Kitu kizuri," alisema. "Kwa nini unauza?"

"Kuna kilio."

"Pepani, bambo, pole sana. Nani amekufa?"

"Mke wangu. Mwaka jana."

Miguu yake ilisimama. "Mwaka jana? Na leo ndiyo unauza mashine?"

"Ni ya kulisha watu watakaokuja."

"Kuja kufanya nini?"

"Kulia. Kuondoa kilio."

Alivua miwani. "Ngoja nielewe. Wewe ndiye uliyefiwa. Wao wanakuja kukulilia. Halafu wewe ndiye unawapikia mbuzi?"

"Ndiyo desturi yetu."

Aliziba mdomo kwa kiganja, lakini cheko lilishatoka. "Nisamehe. Huku kwetu kwenye maliro, kwenye msiba, kuna chipondamthengo. Kila anayekuja anabeba kitu. Bakuli la unga, kuni, chumvi, hata kama ni kidogo. Aliyefiwa amekwisha kuliwa mara moja. Mtamla mara ya pili?"

Nikakumbuka siku Fortunée alipozikwa. Wanawake wa kijiji cha jirani, Wamalawi, walipita mlangoni kwetu mmoja mmoja, kila mmoja na bakuli la unga, na wengine na kuni kichwani. Nilidhani wametuhesabu kuwa ni wakimbizi wasio na kitu, na niliona aibu, nikaupokea unga ule bila kuwatazama. Mwaka mzima nilidhani ilikuwa huruma. Kumbe walitufanyia kama wanavyofanyiana wao kwa wao.

"Lakini kama unauza, mimi nanunua," aliendelea Mayi Nambewe. "Maneno yangu yasikuharibie biashara."

"Siuzi, mama."

"Umenitoa Nathenje kuja kuniambia huuzi?"

"Si mimi niliyekutoa."

Aliniangalia, akaiangalia mashine, akaangalia kitambaa changu cheusi. Kisha akainuka, akanirushia mkoba wake. "Basi angalau nishonee zipu. Siwezi kurudi mikono mitupu."

Nilimshonea zipu. Alipouliza bei, nikamwambia amekwisha kulipa.

Jumapili, kabla ya ibada kwisha, nilimwendea Pasta Minani pale mbele. Yeye ni Mrundi, mtu mwenye sauti ya polepole asiyependa ugomvi kati ya kondoo wake.

"Papa Elodie," alininong'oneza, "tangazo la shemeki yako nimelitoa wiki iliyopita. Mbuzi, uniforme, yote. Watu wamefurahi. Sasa unataka nilitengue?"

"Nitalitengua mwenyewe. Nipe nafasi tu."

Alipumua. "Kanisa si redio. Lakini leo acha liwe redio."

Nilisimama. Sijawahi kusema kanisani zaidi ya amina.

"Jumamosi tunamwombea Fortunée," nilisema. "Mliambiwa kuna uniforme. Hakuna. Vaeni mlicho nacho. Mliambiwa kuna mbuzi na sono. Havipo. Anayekuja aje na sahani yake, na kikombe cha unga au kijiti cha kuni. Tutapika kitakacholetwa. Kikija kidogo, tutakula kidogo."

Watu waligeuza vichwa kama kuku waliosikia kitu kwenye majani. Kisha nyuma kabisa akainuka Olivier, ambaye anakodisha sono kambini na ambaye tayari alikuwa ameahidiwa kazi.

"Na machozi, Papa Elodie? Kila mtu aje na yake?"

Watu walicheka. Nikangoja wamalize.

"Hasa machozi," nilisema. "Hayo we huna ya kukodisha."

Walicheka tena, na safari hii hawakunicheka mimi. Lakini mlangoni niliwasikia. Mwanamke mmoja wa Bukavu, aliyevaa vizuri, alisema kwa sauti ya kusikika kwamba marehemu alikuwa bahili na ameacha mbegu. Mwingine akasema ataleta kijiko kimoja cha unga, maana kikombe ni ufujaji.

Wiki ile Elodie aliteseka kuliko mimi. Bombani walimpa jina. "Kikombe anapita," walisema. "Mpisheni Kikombe." Jumatano alirudi amekunja uso, akaketi kwenye benchi la wateja.

"Baba, kama hakuna anayekuja?"

"Tutakula wawili."

"Unga wa nani?"

"Wetu."

Alifikiri. "Basi na sisi tuulete kwa kikombe. Tusijipendelee."

Nilimwambia kwamba, akitaka, naweza kumpa kitenge kimoja kipya, kimoja tu, asionekane vibaya siku hiyo. Nilikuwa nacho, mteja alikiacha kama malipo. Alikataa. Alisema gauni la mwaka juzi bado lina upindo wa kushusha, na kama mama angeona anashona jipya siku ya kumkumbuka, angefufuka amchape. Tulicheka, kisha tukaacha, kwa sababu kitambaa kilikuwa kifuani kwangu na mlango ulikuwa wazi.

Jumamosi ilipambazuka bila mtu. Tuliwasha moto, tukabandika maji. Maji yalichemka. Tukayapunguzia kuni, tukangoja, yakachemka tena. Elodie alifagia uwanja uliokwisha kufagiwa. Kwa mara ya kwanza niliogopa, na niliogopa kitu kimoja: kwamba Balagizi atafika na kukuta uwanja mtupu, na mbele ya uwanja mtupu neno langu halitakuwa na nguvu. Ningemwambia nini? Angeipakia mashine, nami ningemsaidia kuifunga kamba.

Wa kwanza alikuwa Mama Bienvenu, gogo kichwani na sahani kwapani.

"Nimeleta kuni, nimeleta sahani, nimeleta mdomo," alisema. "Mdomo ni mkubwa kuliko kuni, mtanisamehe."

Baada yake walikuja wawili, kisha mmoja, kisha kundi. Watu wa Uvira na Fizi walileta usipa waliokaushwa, samaki ambao wao wenyewe husema si ndagala, dagaa wa ziwa lao, na hawatakuwa ndagala kamwe, lakini wanawala. Wanawake wa kijiji cha jirani walikuja na mabakuli, kwa utaratibu uleule wa mwaka jana. Safari hii niliwatazama machoni na kusema zikomo, asante, kwa kila mmoja. Mama mmoja ambaye Fortunée aliwahi kumpa maharagwe usiku wa kufika kwake kambini alileta chumvi kwenye karatasi, akaitia mwenyewe kwenye sufuria bila kuuliza. Olivier alileta unga kwenye kikombe kidogo cha kahawa. Akakizungusha juu ya kichwa chake watu wote waone kilivyo kidogo, kisha akakaa mbele kabisa.

Si wote waliokuja. Wale waliovaa vizuri Jumapili sikuwaona. Lakini uwanja ulijaa, na hakuna sahani mbili zilizofanana: za bati, za plastiki, za udongo, na kijana mmoja alikuja na mfuniko wa sufuria.

Nsima, ugali wa huku, ilikuwa inasongwa Balagizi alipofika na Spès. Wote wawili walikuwa wamevaa uniforme. Kitenge cha buluu chenye maua ya njano, kizuri, kimeshonwa mjini. Walikuwa wawili peke yao ndani ya rangi hiyo, na watu waliwapisha kama maharusi.

Balagizi aliangalia sahani. Aliangalia mfuniko wa sufuria. Akanikaribia mpaka nikasikia manukato yake.

"Njo hii?" alisema, kwa sauti ya chini kwanza. Kisha akaipandisha. "Bantu bote muko mashahidi. Mi ndiye kaka wa marehemu. Leo nilikuja kumtoa huyu bwana nyeusi. Simtoi. Hakuna karamu, hakuna heshima. Kilio ya dada yangu haijaondoka."

Mwiko uliacha kusonga. Pasta Minani alifungua Biblia yake, akaifunga. Nilimwona Elodie kando ya moto, hajipepei moshi unaomwingia machoni. Watu waliningoja, na nilijua wanangoja niombe msamaha. Kwetu mtu hapitishi siku kama hiyo akiwa bado na nyeusi. Inaonekana kama laana.

"Basi kisiondoke, shemeki," nilisema.

Alipepesa macho.

"Nani alikuambia nina haraka? Mi bado namlilia. Asubuhi namlilia na jioni namlilia. Ulifikiri mbuzi wawili wangekimaliza kilio? Iache nyeusi ikae hapa. Nitashona nayo, kwa mashine yake, na mtoto wake atasoma. Aliyesema mtu asiyevuliwa hawezi kufanya kazi, aje anizuie mkono."

"Bantu bataona unatembea na kilio kama..."

"Waone."

Mama Bienvenu, nyuma yangu, alisema polepole, "Haya sasa."

Niliona midomo ya Balagizi inatetemeka, na hasira yangu ikashuka mahali fulani, lakini neno langu sikulishusha. "Uliniambia hakukuomba kitu hata mara moja," nilisema. "Ni kweli. Mi si yeye. Mi nakuomba. Kikombe kimoja cha unga, kama watu hawa wote. Kilete, ukae, ule na sisi."

"Mi nilete kikombe cha unga? Kwa dada yangu?"

"Kwa dada yako."

Mikono yake ilishuka kwenye mifuko ya ile nguo mpya, na haikupata kitu cha kushika. Akageuka.

"Spès, twende."

Spès alikuwa amekwisha kuketi kwenye mkeka wa wanawake. Mtu alikuwa amempa nusu ya sahani yake, na mdomo wake ulikuwa umejaa. Alimeza kwanza.

"Tangulia," alisema. "Nitakukuta stendi."

Hakuna aliyethubutu kucheka mpaka Balagizi alipopita kona ya kisima. Hata hapo, mimi sikucheka. Nilimtazama anavyokwenda na viatu vyake, mtu aliyekuja kumpa dada yake kitu na hakujua kipimo chake. Nilitaka ageuke. Hakugeuka. Pasta aliomba, maombi mafupi, na katika maombi hakutamka kuondoa kilio. Tukala. Kilichokuja hakikuwa kidogo.

Jumatatu nilikuwa mbele ya mashine mapema. Mtu wa kwanza kufika alikuwa Olivier, na suruali iliyopasuka gotini imening'inia begani. Alinitazama kifuani.

"Papa Elodie. Bado nyeusi?"

"Bado."

"Mpaka lini sasa?"

Nilipitisha uzi kwenye sindano.

"Lete hiyo suruali," nilisema.